Mjomba, Usiweke Duka Rehani kwa Digrii ya Michoro

Anifa Jamaldini,
Area D,
Dodoma.

14 Julai, 2025

Mpendwa Mjomba Shaban,

Shikamoo, na baada ya shikamoo nakupa pole ya mgongo. Mama ameniambia kwamba ulishusha mifuko ya saruji mwenyewe, eti kwa sababu vibarua walitaka uwaongezee elfu moja. Mjomba, mgongo hauna spea. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini unatoa amri, kama wenye maduka wengine wote wa Mpanda. Mama Shamila naye presha yake inaendeleaje? Na mahindi mmeshavuna, au nyani wamevuna kabla yenu kama mwaka jana?

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Baridi ya mwezi huu imetushika vilivyo. Asubuhi upepo unavuma na vumbi lake mpaka chai inatafunika. Mama goti linamsumbua, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama goti linalouma ni lako. Abdulnasiri bado yuko Singida na kazi zake za umeme. Huyu mdogo wangu hupiga simu akiwa na shida tu, na mwezi huu hajapiga, kwa hiyo tunajua mambo yake ni mazuri.

Nimeona nikuandikie kwa kalamu badala ya kukujibu kwenye kundi la ukoo, maana kule kila mtu ni profesa. Ulipoweka kile kipeperushi cha chuo, sijamaliza hata kukisoma watu wameshaandika hongera na kupanga mikono ya dua. Binamu Zaidi, aliyeshindwa kumaliza hata kozi ya udereva, akaandika kwamba dunia ya sasa ni ya wabunifu. Nikazima simu nikaenda kufua.

Umeniuliza jambo moja: binti yako Shamila akisoma digrii ya michoro niliyosoma mimi, katika chuo kile kile nilichosoma mimi, na wewe ukaweka hati ya duka rehani ili upate mkopo wa ada, je, italipa? Na umesema Jumamosi unakwenda kutia saini. Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho pamoja na karanga za mama, ili ikufikie kabla hujashika kalamu ya watu.

Nianze na kipeperushi chenyewe. Kuna kijana amevaa vipokea sauti masikioni, anaicheka kompyuta kubwa utadhani imemsimulia kichekesho. Huyo kijana hajawahi kukanyaga chuo chetu. Hiyo ni picha ya kununua mtandaoni, na wala hawakuinunua. Itazame vizuri pembeni, juu ya bega la yule kijana, utaona maandishi hafifu yamekatiza kama utando wa buibui. Ni jina la mwenye picha, nalo hutoka ukishamlipa. Chuo kinachofundisha watu kutengeneza matangazo kimeiba picha ya tangazo lake na kimeshindwa hata kufuta alama za wizi. Hapo ndipo unapotaka kupeleka duka.

Halafu kuna ule mstari mnene wa chini: wahitimu wetu hulipwa hadi milioni mbili na nusu kwa mwezi. Hilo neno "hadi", mjomba, ndilo pekee lililosoma katika chuo kile. Mimi pia naweza kuishi hadi miaka mia na ishirini. Nawe unaweza kuuza hadi lori zima la saruji kabla ya adhuhuri. Mkuu wa kozi alitutamkia neno hilo siku ya kwanza kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi, nasi tukapiga makofi. Siku ya mahafali alikuja na lile lile. Siku hiyo tulipiga makofi kwa sababu ya mazoea.

Unajua nilivyoingia. Serikali ilinikopesha sehemu ya ada, na silalamiki. Nilikopa, nadaiwa, nitalipa. Kilichobaki alikibeba mama kwa barafu na ubuyu wake. Mwaka wa mwisho chuo kikatangaza kwamba asiyemaliza ada haingii kwenye mtihani. Kikatangaza pia kwamba kila mwanafunzi lazima awe na kompyuta mpakato yenye nguvu, kwa kuwa zile za maabara, tulizokuwa tunagombania kama mabomba ya maji ya kiangazi, zilikuwa zimekufa nyingi. Mama hakuniambia alipopata pesa. Alizituma tu na ujumbe: "Lipa ada, nunua hiyo mashine, usinijibu." Kumbe alikuwa amekwenda kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa uchochoroni wasiouliza mengi, wanaotaka marejesho kila Jumatatu, riba juu ya riba, na dhamana yao ni chochote watakachokikuta ndani kwako.

Nikarudi Dodoma na digrii. Wakati ule mji ulikuwa unapanuka kila uchao, wizara zinahamia, majengo yanaota, na kila mtu aliniambia nimekuja mahali penyewe, kwa sababu kila ofisi itataka nembo na mabango. Nilizunguka na bahasha mpaka soli zikalalamika. Ofisi zilitaka mtu mwenye uzoefu. Uzoefu ulipatikana kwa kufanya kazi katika ofisi. Ukiuliza mlango wa kuingilia uko wapi, wanakuonyesha mlango wa kutokea.

Wasio na ofisi nao walinitaka bure. Nadhani hakuna fani nchini humu inayoombwa bure kama yangu. Fundi bomba hakuna anayemwambia aunge bomba kwanza, malipo yake ni kutangazwa kwa marafiki. Mimi naambiwa hivyo mpaka leo. "Si unabonyeza tu?" "Ni kazi ya dakika tano, dada." "Nitengenezee kadi mia mbili za harusi, wageni wakiziona watakutafuta." Wageni wanaziona, wanakula pilau, wanafutia mikono kwenye kadi.

Mwishowe nikapokelewa na Cornel. Huyu bwana alikuwa na kampuni ya matangazo ghorofa ya pili mjini, yenye viti vya rangi ya chungwa na kapeti ya majani ya plastiki. Alivaa koti lililombana kifuani, na hakuwahi kumaliza sentensi ya Kiswahili bila kuitilia viungo vya Kiingereza. Aliniajiri kwa kitu alichokiita kujitolea kwa malengo. Maana yake ni kwamba mimi nilijitolea na malengo yalikuwa yake. Alinipa nauli. Mengine niliyategemea kwa mama, msichana mwenye digrii, ninanyoosha mkono asubuhi kwa mwanamke anayefunga barafu kwenye vifuko.

Nilimtengenezea nembo, mabango, kalenda, vipeperushi vya wagombea na vya makongamano, kwa kompyuta yangu mwenyewe, ile ya kausha damu. Yeye alivipeleka kwa wateja na kurudi ananukia chakula cha hoteli. Nikiuliza mshahara, anasema, "Anifa, wewe unajenga jina." Jina gani, mjomba? Jina lililokuwa mlangoni ni lake.

Sasa sikiliza yaliyotokea katika juma moja.

Jumatatu nilikuwa kazini. Jirani yetu Anitha akanipigia simu akihema, akasema nije nyumbani. Nilipofika nilikuta wale wa kausha damu wameshaondoka. Mama alikuwa amebakiza marejesho machache akachelewa, nao hawakupiga kelele wala kutukana. Waliingia, wakachomoa waya wa friza ukutani, wakalibeba na barafu zake ndani. Maji yalikuwa yamechuruzika kutoka mlangoni mpaka barabarani walikopakia. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti na beseni la vifuko mapajani. Aliponiona akasema, "Wamechukua na sharubati ya mwenye harusi. Sijui nitamwambia nini."

Siku ya pili nilikwenda kwa Cornel. Nilimweleza yote, friza, kausha damu, mama. Nilijishusha, mjomba, mpaka leo nikikumbuka nasikia joto masikioni. Nikamwomba anilipe japo mwezi mmoja katika yote niliyomfanyia. Akaegemea kiti chake cha chungwa, akafumba macho kama mtu anayesali, akasema:

"Unajua, shida ndiyo mama wa ubunifu. Watu wakubwa wote walipitia hapo. Usiipoteze hii hali, itumie."

Akatoa noti ya elfu kumi akaiweka juu ya meza, na vidole vyake vikabaki juu yake kidogo, kana kwamba anaiaga.

Sikuacha kazi siku ile, kwa sababu Alhamisi alikuwa na wateja wa kuja kuona kazi yangu. Ni kikundi cha akina mama kutoka Mlali, kule Kongwa, wanaokamua mafuta ya alizeti. Nilikuwa nimehangaikia kibandiko cha chupa yao kwa majuma. Nilichora shamba la alizeti lenyewe, vichwa vimeinama kama vinavyoinama vikikaribia kuvunwa, siyo yale maua ya kwenye kalenda yanayotazama jua na kutabasamu. Nilitaka kuwaona wakiiona. Nakuambia ukweli, kazi yenyewe naipenda. Ninaowadharau ni wanaojifanya wenye kazi.

Wakaja watatu. Kiongozi wao alikuwa mama mtu mzima, mama Zipora, na wenzake wawili waliokaa ukingoni mwa viti kama wanaoogopa kuvichafua. Cornel alikuwa ameniambia nitengeneze chai. Kwa hiyo niliingia na chupa ya chai na vikombe kwenye sinia, nikamkuta anawaonyesha kibandiko changu ukutani kwa mwanga wa projekta.

"Hii," anasema, "imefanywa na mtaalamu wetu aliyeko Johannesburg. Kwa hapa nchini hamtapata mkono kama huu."

Nikamimina chai. Mkono wa Johannesburg ukamwekea mama Zipora sukari.

Mama Zipora akaitazama picha ile kwa muda mrefu. Halafu akauliza kwa upole, kwa lafudhi ya Kigogo, "Ni nzuri. Lakini mbona hapajaandikwa Mlali? Mnunuzi atajuaje yametoka kwetu?"

Nilikuwa nimeliandika. Cornel ndiye aliyeniamuru nilitoe, akisema Mlali ni jina la kishamba.

"Ah, mama," akamjibu, "hilo ni suala la kitaalamu. Inabidi tumrudishie mtaalamu Johannesburg afungue upya. Itachukua kama wiki mbili, na kutakuwa na gharama kidogo ya nyongeza. Siyo kubwa."

Akataja kiasi. Wale akina mama wawili wakatazamana. Mmoja akashika fundo la kanga yake pale walipofungia pesa, kwa namna ya mtu anayegusa jeraha.

Mimi nikaliweka sinia mezani. Sijui nilikoupata ujasiri, labda niliuchukua kwa mama kizingitini. Nikasema, "Mama, huyo mtaalamu wa Johannesburg ni mimi. Jana nimelala Area D."

Cornel akacheka. "Huyu binti ana utani."

"Kunywa chai, mama," nikamwambia mama Zipora, "kabla haijapoa nitakuwa nimeshaliandika." Nikaichomoa kompyuta yangu kwenye projekta yake, nikakaa kwenye kapeti ya plastiki miguu nimekunja, nikafungua kazi, nikairudisha Mlali mahali pake, kwa herufi nene, chini ya alizeti. Nikamgeuzia. Akasogeza uso karibu akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, na wenzake wakasoma baada yake.

"Na gharama ya nyongeza?" akauliza.

"Hakuna."

Cornel akanyanyuka. Sasa alizungumza Kiswahili safi kabisa, mjomba, Kiingereza chote kilimkimbia. "Toka ofisini kwangu. Na usije ukaniomba barua ya uzoefu."

Nikafunga kompyuta nikaikumbatia, nikatoka. Mama Zipora alinifuata kwenye ngazi. Nilidhani, nisamehe upumbavu wangu, kwamba sasa mlango utafunguka, kwamba atasema njoo ufanye kazi na sisi. Akanishika mkono akasema, "Binti yangu, umetuokoa na ile ya nyongeza. Lakini hela yenyewe tulishampa yeye yote. Hatuna nyingine ya kukupa wewe." Akachukua namba yangu ya simu, akarudi ndani kumalizia shughuli na Cornel, kwa sababu alikuwa ameshalipia. Simlaumu. Ningekuwa yeye ningerudi pia.

Ndivyo nilivyomaliza mwaka wangu wa kujenga jina.

Baada ya hapo nilianza kufanya kazi mezani jikoni. Kadi za harusi, fulana za kwaya, mabango ya misiba, na vibandiko vya wajasiriamali wadogo wa siagi ya karanga, asali, unga wa lishe. Niliwahi kwenda mpaka Chamwino kwa mteja wa zabibu kavu aliyenipa nusu ya malipo kwa zabibu zenyewe. Mama naye alikuwa anagandisha barafu kwa jirani Anitha kwa kumlipa, na faida yote ikawa inalala kwenye friza la mwenzake.

Miaka miwili ikapita. Siku moja mchana nipo jikoni, nasikia mtu anabisha hodi kwa sauti nyembamba ya unyenyekevu. Alikuwa Cornel. Koti lilikuwa lile lile ila sasa lilimpwaya. Akina mama wa Mlali walikuwa wamepata wateja wakubwa wanaotaka mafuta kwenye madumu ya lita tano, na kibandiko kilipaswa kukuzwa. Cornel alichokuwa nacho ni picha ndogo tu, ile niliyomtumia mama Zipora kwa simu. Alipoikuza, alizeti zikawa ukungu, na jina likasomeka kama limeandikwa kwa kidole kwenye vumbi. Faili lenyewe, ambalo ndilo kazi, lilikuwa kwenye kompyuta yangu.

Mama alikuwa uani akichambua ubuyu. Nikamsikia anampokea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni bosi wa zamani wa Anifa."

"Kumbe ndiye wewe." Mama akasukuma kigoda. "Karibu. Kaa hapo juani, kivuli nimewawekea wateja."

Nikatoka. Cornel akaniita dada yangu. Akasema ametoka mbali na mimi, kwamba siku zote alijua nitafika. Akatoa laki moja akasema ni ya heshima tu, anaomba lile faili, suala dogo. Nikamwambia hata akileta mgodi wa dhahabu simpi. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki kwenye barua inayopita kwa kondakta.

"Anifa," mama akasema bila kuinua kichwa, "njoo jikoni."

Nikamfuata. Akafunga mlango. "Unamfukuza?"

"Mama, huyu mtu alinidhalilisha. Nina heshima yangu."

"Heshima haigandishi barafu," akasema. "Kaa hapa. Usitoke mpaka nikuite."

Nikasimama nyuma ya dirisha nikisikiliza. Mama akarudi kwenye ubuyu wake. Akachambua, akachambua, mpaka Cornel akaanza kujifuta jasho.

"Mama, naweza kuongeza hadi laki moja na nusu."

Unaona, mjomba? Hadi.

"Mwanangu ulikaa naye mwaka mzima," mama akasema. "Ulimlipa nini?"

"Tulikuwa na makubaliano ya kujitolea, mama. Alikuwa anajifunza."

"Alijifunza. Mimi ndiye niliyekuwa nakulipa ada, sikujua tu." Akaweka kando sinia la ubuyu. "Mimi hela yako siitaki. Hela ina miguu. Lete friza."

"Friza?"

"Friza. Jipya, la mlango wa juu, na karatasi ya dhamana. Likiingia humu ndani na likaguruma, utapata unachotaka."

Cornel akacheka kile kicheko chake cha ofisini. Akaona mama hacheki. Akasema mama ni mkali kuliko wafanyabiashara wa Kariakoo. Mama akamwambia asante. Cornel akasimama, akaenda mpaka getini, akarudi. Akapandisha pesa, akapandisha tena. Kila akipandisha, mama anamuuliza, "Linaguruma?" Mwishowe simu yake ikalia, na kwa jinsi alivyoitika nikajua ni Mlali wanauliza. Akakata simu, akasema, "Kesho."

Kesho yake kirikuu ya mizigo ikaja, friza limefungwa kamba nyuma. Mama akalichomeka, akaweka mkono juu yake, akasubiri ligurume. Ndipo akaniita, "Mpe mwenzako karatasi zake." Kwa mama faili ni karatasi. Nikampa. Sikumtazama usoni, wala yeye hakunitazama. Ofisi yake nasikia siku hizi imekuwa saluni, na vile viti vya chungwa wanakalia wanaosubiri kusuka.

Mama Zipora alinipigia baadaye. Alikuwa ameshajua kwamba walilipishwa mara ya pili kwa kazi ile ile. Aliuliza tu kama nina nafasi ya kutengeneza vibandiko vya chupa ndogo. Tangu hapo kazi zao ninafanya mimi, na wanalipa kwa wakati, kidogo lakini kwa wakati.

Sasa mizani uliyoitaka. Mwezi mzuri napata kama laki sita. Mwezi mbaya kodi ya nyumba inalipwa na barafu. Deni la serikali nalipunguza polepole, na kwa mwendo wangu nitalimaliza nikiwa na mvi. Ile milioni mbili na nusu sijakutana nayo hata njiani. Katika niliosoma nao, mmoja anahesabu noti benki, mwingine anauza mafuta ya kujipaka mtandaoni. Mmoja tu ana pesa ya maana, na huyo baba yake ana mitambo ya kuchapa. Huyo hakupata ajira, alipata urithi. Na uso wake ndio chuo kinaubandika kila mwaka kwenye ukuta wa wahitimu waliofanikiwa.

Ninavyovijua vya kazi hii, vingi nilijifunza kwa kukosea na kurudia, na vingine kwa mwalimu mmoja mzuri aliyeondoka tukiwa mwaka wa pili kwa kutolipwa mshahara. Vilivyobaki vilikuwa joho na kupiga picha.

Kwa hiyo nasema hivi, kwa heshima yote ya mpwa kwa mjomba wake: usitie saini. Duka hilo linawalisha watu sita, nalo ulilianza na meza ya mbao nje ya nyumba ya watu. Wakilichukua hawatabeba friza tu, watabeba na ukuta.

Lakini nisikudanganye kwa kunyamaza. Jana, nilipokuwa nawaza nikuandikie nini, nilimuuliza mama. Alikuwa anafunga vifuko. Nikamwambia, "Mama, ungeyajua yote haya, yale marejesho, Jumatatu ile, Cornel, ungekopa tena unisomeshe?"

Hata hakufikiri. "Ningekopa."

"Kwa faida gani?"

"Ulipoingia na kompyuta ile mara ya kwanza, uliandika jina langu kwa maua ukanionyesha. Mimi jina langu sijawahi kuliona limependeza." Akafunga fundo la kifuko kwa meno. "Ila nisingekopa kwa wale. Na nisingekupeleka pale. Mwambie Shaban hivyo, usimwambie nusu."

Nilitoka nje nikasimama kidogo, mjomba. Nilikuwa nimejipanga kukuandikia barua ya dharau tupu kutoka mwanzo hadi mwisho. Mama ameniharibia.

Basi nakupa yote. Mtoto ana mkono mzuri, nimeona michoro yake aliyonitumia, na ana jicho kunizidi mimi wa umri wake. Asinyimwe. Kuna vyuo vya serikali vya stashahada ambavyo ada yake utailipa kwa mauzo ya duka bila kuligusa duka lenyewe. Na mwezi wa tisa, kabla hajaanza popote, mlete Dodoma. Atakaa na mimi mezani jikoni, atafanya kazi za watu halisi, na nitamlipa kila atakachofanya, hata kama ni fulana ya kwaya. Akichoka ndani ya miezi miwili, tumepata jibu kwa nauli tu. Asipochoka, mimi na wewe tutamtafutia chuo, na kipeperushi chao nitakikagua mimi kwanza.

Msalimie sana Shamila, umwambie asinichukie, maana najua atalia akisikia. Msalimie mama Shamila, na umwambie dawa ya presha haiachwi eti kwa sababu kichwa kimeacha kuuma. Bibi Mwanaidi hapo jirani mpe shikamoo yangu. Mama anakusalimu, anasema karanga zote ni zako, usimgawie Zaidi akipita huko. Abdulnasiri angekusalimu kama angepiga simu.

Mungu akupe mgongo wenye nguvu, akulindie duka na waliomo, na akuepushe na kila mwenye kusema "hadi".

Mimi mpwa wako, nikupendaye bila riba,

Anifa